Gari Lisilo na Mistari

Kindu, 3 Machi 1975

Mjomba Hamadi,

Asalaam alaikum. Naomba karatasi hii ikukute ukiwa mzima, na mgongo wako uwe umetulia. Sisi hatujambo. Mguu wa mama umepona, anatembea mpaka sokoni na kurudi. Anasema nikuambie hivi: "Mwambie kaka yangu kwamba kila juma anafika Alunguli na takisi yake, lakini nyumba ya dada yake Aziza anaipita kama haijui."

Mjomba, nina swali la kazi. Nakuomba unijibu kwa makini, maana tangu Ijumaa chakula hakinishuki.

Unajua biro yetu, ofisi hii ya serikali, ndiyo inayoandika magari yote ya Kindu na ya huko kwenu. Umetufikia waraka kutoka juu. Unataka iandikwe orodha ya magari yote "ya aina ya Gordini, yaani Renault 12 zenye mistari miwili myeupe," ili yachaguliwe yale yatakayotumikia taifa. Maneno ni hayo hayo. Nimeyanakili mara mbili nisije nikakosea.

Umeona mwenyewe mji ulivyo. Mwaka juzi Renault 12 ilikuwa gari la mwalimu mkuu na la mwenye duka, gari la kwenda kazini na kurudi. Leo katika daftari letu ziko kumi na nne, na kumi na tatu zimechorwa mistari kutoka puani mpaka mkiani. Fortunat, yule mfanyabiashara wa Butembo ambaye kwa karatasi sasa ni Kambale, tangu majina ya Kizungu yakatazwe, alichora yake mwezi wa kumi. Tangu siku hiyo hawezi kusimama sokoni bila kuiacha motere ikinguruma. Watu wanamwita Gordini, naye anaitika. Hata Chef wangu, mkuu wa biro, analo moja, la buluu. Alilinunua Bukavu likiwa na mistari tayari, na anaamini kwa moyo wote kwamba ni la kweli.

Orodha nitaiandika mimi, na chini yake nitatia sahihi mimi. Nikiandika Gordini kumbe si Gordini, nimedanganya serikali. Nikiiacha iliyo ya kweli, nimeificha. Nina miezi minane tu katika kazi hii. Niambie, fundi anaitambuaje Gordini ya kweli?

Mwipwa wako,
Sumaili


Kalima, 10 Machi 1975

Mwipwa wangu Sumaili,

Waalaikum salaam na rehema juu yake. Mgongo ninao bado, lakini tumepatana. Mwambie dada Aziza kwamba abiria wangu hawapendi kungojea mjomba wa mtu akinywa chai. Nitakuja na chupa ya mawese, atanisamehe.

Kula, mwanangu. Hakuna waraka uliowahi kuharibika kwa sababu karani ameshiba.

Umenichekesha na hizo kumi na tatu zako. Tisa nimezichora mimi, kwa mkono huu, kwa rangi ya milango. Kila mmoja nilimwambia: "Ndugu, hii ni rangi, si motere." Wanaitikia kwa kichwa. Halafu wanapokaa kwenye usukani wananiuliza kama sasa wakanyage polepole.

Sikiliza. Ya kweli naijua kama ninavyoijua sauti ya mke wangu, maana Bwana Louis, yule mhandisi niliyemwendesha miaka minne, alikuwa nayo. Gari la kawaida lina nguvu za farasi hamsini na kitu. Gordini lina mia moja na zaidi, na gia tano. Ukifungua kapo, kile kifuniko cha motere, utakuta kabureta mbili kubwa pale ambapo wengine wana moja. Kama hujui kabureta, tafuta kibati chenye namba za aina ya gari. La kawaida ni 1170. Gordini ni 1173. Sifuri na tatu, basi. Mistari mtu yeyote anaweza kuichora. Ile tatu ilipigwa kiwandani.

Umri wako unakuruhusu kuwacheka hao watu, lakini usiwacheke sana. Mercedes inakuambia tangu mbali kwamba wewe na mwenye nayo hamkuzaliwa mtaa mmoja. Gordini ni gari la jirani yako. Milango ni ile ile, viti ni vile vile vya mwalimu mkuu, halafu linakupita unabaki na vumbi. Ndiyo maana kila mwenye Renault 12 anapoamka anaona kwamba yeye na ushujaa wametenganishwa na mistari miwili tu. Mimi sikuwauzia uongo. Nilichora tu walichokuwa wanakiona tayari.

Mjomba wako,
Hamadi


Kindu, 28 Machi 1975

Mjomba,

Asalaam alaikum. Natumaini u mzima, na walio nyumbani mwako wazima. Sisi tunaendelea. Barua hii nakutumia kwa mkono wa Mama Mwavita, muuza mchele, kwa kuwa yeye ni abiria wako kila juma. Posta sikuitaka.

Jumatatu Chef alirudi kutoka Kalima kwa kazi. Aliingia biro na vumbi mpaka kwenye nyusi. Shofere wake alikuwa nyuma yake, anatazama chini. Sote tuliacha kuandika.

"Uko na mistari miwili," Chef akamwambia. "Ile takisi haina hata mmoja. Inakupita namna gani?"

"Chef, ile takisi ilikuwa na haraka."

"Na sisi?"

"Sisi tulikuwa na heshima, Chef."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Tukapata habari nzima baadaye kutoka kwa shofere. Kwenye ile njia iliyonyooka kabla ya kufika Alunguli, ng'ambo ya mto, Chef aliikuta Renault 12 ya rangi ya mchanga, imejaa wanawake, magunia ya mchele juu. Akaamuru ipigiwe honi itoke njiani. Takisi ikatoka, Chef akapita. Kisha ile takisi ikarudi njiani, ikalia sauti ambayo shofere anasema hajawahi kuisikia katika Renault 12, ikawapita na magunia yake, ikapotea. Walipofika kwenye kivuko, ilikuwa imekwisha kuvuka mto.

Sasa Chef ametoa amri. Tarehe 17 Aprili, Renault 12 zote ziletwe uani kwetu, zenye mistari na zisizo na mistari. Nilifungua daftari. Isiyo na mistari ni moja. Ni lako.

Mjomba, gari la Bwana Louis lilikuwa la buluu. Nilikuwa bado sekondari uliponipandisha, nakumbuka nilishika kiti kwa mikono miwili. Lako ni la rangi ya mchanga, na katika karatasi zake imeandikwa "Renault 12" tu. Nataka uniambie kwamba ni magari mawili mbalimbali. Ukiweza kuniambia hivyo kwa ukweli, niambie. Ukishindwa, usiandike neno, na barua hii uichome.

Mwipwa wako,
Sumaili


Kalima, 4 Aprili 1975

Mwipwa wangu,

Waalaikum salaam. Tuko wazima, na barua sikuichoma. Una mwandiko mzuri, ni dhambi kuuchoma.

Ni gari moja.

Bwana Louis alipoondoka alinipa, kwa karatasi yenye sahihi na muhuri. Jina lililoandikwa ni Renault 12, na si uongo, maana Gordini ni Renault 12, kama vile sultani ni mtu. Wahandisi wengine wawili waliacha magari mazuri kwa mashofere wao. Yalichukuliwa yakatumikie taifa. Moja leo liko juu ya matofali hapa Kalima, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Nililiona, nikaenda nyumbani, nikanunua rangi ya mchanga makopo matatu. Nikafuta mistari. Nikang'oa zile taa mbili za ziada za mbele. Kwa hiyo, wakati nilikuwa nawachorea wengine mistari mchana, yangu nilikuwa nimekwisha kuizika. Kila gari nililochora lilizidi kulificha la kwangu. Usidhani sikulifikiria.

Takisi hii ndiyo inayolisha watu tisa. Hayo unayajua.

Kuhusu siku ile, kosa ni langu na la Mama Mwavita. Honi ilipolia nilitoka njiani kwa adabu. Nikasikia nyuma yangu: "Hamadi, mutu anakutukana na honi, na weye unanyamaza kama bibi harusi?"

"Mama, niko na mchele wako juu."

"Mchele imefungwa."

Miaka miwili naliendesha farasi huyu kama punda, mwanangu. Nikabadili gia.

Nitakuja tarehe 17. Wewe andika unachokiona. Ukiiona tatu, andika tatu. Mwana wa dada yangu hatafungwa kwa ajili ya motere. Wakilichukua, nina baiskeli na nina mikono. Ila nakuomba jambo moja: usinipeleke mbele kabla hawajaniita. Ngoja waulize.

Mjomba wako,
Hamadi


Kindu, 20 Aprili 1975

Mjomba Hamadi,

Asalaam alaikum. Natumaini ulifika salama na hukupitwa na mtu. Mama anashukuru kwa mawese. Mimi mzima.

Siku ile ulingoja nje ya uzio mpaka wa mwisho, kwa hiyo hukuona mambo ya mwanzo. Nakusimulia.

Nilikuwa nimetengeneza karatasi moja ya ziada, kwa woga wangu tu. Nilifikiri hivi: waraka unasema mistari, lakini mistari mingine ni ya rangi ya milango. Basi kila mwenye gari atamke mwenyewe mbele ya watu, na atie sahihi, kwamba gari lake ni Gordini au ni la kawaida. Hapo uongo ukiwepo ni wake, si wangu. Chef aliisoma, akasema ni kazi nzuri. Nafikiri alitaka kuwasikia wote wakijisifu, kisha yeye awe wa mwisho.

Lakini habari ilikuwa imewatangulia kwamba gari litakaloandikwa litaondoka na mwenyewe atabaki kwa miguu. Mjomba, ungewaona. Watu ambao mwaka mzima hawakunipa nafasi ya kuvuka barabara walikuwa wanasukumana kuapa.

Fortunat alikuwa wa kwanza. "Sitwayen karani, andika: langu ni bovu."

"Hapa kuna Gordini au la kawaida, mzee. Bovu haliko."

"La kawaida. La kawaida kabisa. Kilima kidogo tu, linapanda likilia."

"Na mistari?"

"Ni bibi yangu Mado alipenda."

Mado mkewe alikuwa amesimama kwenye uzio na wengine. "Mimi?" akasema. "Mimi nilikuambia gari limefanana na punda milia. Ukaniambia wanawake hawajui mbio."

Uani pote watu walicheka, na Fortunat akacheka pia, akatia sahihi kwa haraka mpaka karatasi ikachanika. Baada yake wakaja kumi na mmoja. Mmoja aliapa kwamba baiskeli ya mtoto wake inamwacha. Mwingine alisema ana cheti cha fundi kwamba gia ya nne haipo. Nilifungua kapo zote kumi na mbili. Sifuri, sifuri, sifuri.

Kisha Chef. Alilisogeza gari lake la buluu mpaka mbele ya meza, akalizima, akashuka polepole. Nikampa karatasi. Hakuigusa.

"Hawa wote wameogopa," akasema kwa sauti. "Mimi siko mutu wa kuapa uongo sababu ya woga. Langu njo Gordini. Andika."

Nilikuwa nimekwisha kufungua kapo. Kabureta moja. Mwisho wa kibati, sifuri.

"Chef," nikasema, "kuna namba hapa ndani ambayo—"

"Nilikuuliza namba? Waraka unasema nini?"

"Unasema mistari miwili myeupe, Chef."

"Hesabu."

Mjomba, nilihesabu. Nilinyoosha kidole mbele ya watu wote nikahesabu. "Miwili, Chef."

"Andika."

Nikaandika. Gordini, kwa tamko la mwenye gari. Na katika safu ya namba nikaandika kilichokuwa kwenye kibati: 1170.

Ndipo ukaitwa wewe. Ulimwona Chef mwenyewe, alivyolizunguka mara tatu, alivyopiga goti, alivyosugua rangi kwa kidole. Aliponiuliza, "Lina nini ndani?" nilitazama chini ya kapo. Nilimwambia: "Lina motere safi sana, Chef, na kabureta mbili." Ni kweli, nilisema mbili. Nilijua kwamba nikisema moja sitaweza tena kushika kalamu. Akauliza, "Mistari?" Nikasema, "Hakuna, Chef." Akainama, pua juu ya gunia la samaki wa Lokandu, akakunja uso, kisha akakuambia uliondoe hata kabla ya kutia sahihi.

Ambacho hukukiona ni daftari. Niliandika tatu. Niliiandika wazi, kwa wino mweusi, mtu asiye na miwani ataisoma. Hakuna aliyeniuliza maana yake. Uliniambia ningoje waulize. Nangoja.

Mwipwa wako,
Sumaili


Kindu, 18 Agosti 1975

Mjomba,

Asalaam alaikum. Najua miezi minne nimenyamaza. Mama Mwavita amekuwa akiniambia kila juma kwamba u mzima na takisi inakwenda, na hilo lilinitosha kwa salamu. Mama hajambo. Niliogopa kwamba nikikuandikia, nitaamsha jambo lililolala.

Limeamka lenyewe. Gari la Chef lilichukuliwa mwezi wa tano. Yeye alitazamia watalirudisha likiwa na bendera na esanse, yaani petroli, ya bure, akabidhiwe tena yeye. Halikurudi. Juma lililopita imekuja barua kutoka juu. Inasema gari lililopelekwa kama Gordini lina nguvu ya gari la kawaida, na kwamba liliwekwa mbele ya msafara likaachwa na magari liliyokuwa linayaongoza. Wanauliza ni nani aliyelithibitisha.

Chef aliniita, akafunga mlango. Daftari lilikuwa mezani kwake.

"Ulijua?"

"Nilijua, Chef."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia, Chef. Ukaniambia nihesabu."

Nilitazamia aite askari. Hakuita. Akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya namba, taratibu, kama mtu anayesoma Kurani kwa mara ya kwanza. Kwenye gari lake kidole kikasimama juu ya sifuri. Kikashuka mstari mmoja. Kikasimama tena.

"Na hii tatu?"

"Hiyo ndiyo Gordini, Chef."

"Ile takisi."

"Ndiyo, Chef."

"Ni nani huyu Hamadi wa Kalima?"

Nikamwambia: "Ni mjomba wangu, ndugu ya mama yangu tumbo moja." Hakuna aliyenilazimisha, Mjomba. Jina lako halionyeshi ujamaa wetu. Lakini nilikuwa nimechoka kuogopa swali hilo, na lilipofika nilikuta nina jibu.

Aliondoa kidole daftarini. Nadhani alikuwa anapima barua mbili ambazo angeweza kuandika. Katika moja, angesema Gordini ya kweli imepatikana, ni takisi ya samaki iliyompita njiani akiwa na mistari yake. Katika nyingine hakuna takisi.

"Waraka ulisema mistari," akasema. Akafunga daftari. "Andika jibu. Sema mistari iliwadanganya wengi."

Niliandika hivyo. Akatia sahihi bila kusoma mara ya pili.

Lakini sijamaliza. Nilipofika mlangoni aliniita tena. Hana gari sasa, na Jumamosi ana kazi Kalima. Aliniuliza takisi yako inaondoka Alunguli saa ngapi. Sijui anataka nini. Sikuweza kusema sijui saa. Nilimwambia saa mbili asubuhi. Nisamehe, na ukiona vema usije.

Mwipwa wako,
Sumaili


Kalima, 24 Agosti 1975

Mwipwa wangu Sumaili,

Waalaikum salaam. Sisi wazima, na wewe uwe mzima zaidi yetu, maana umefanya kazi kubwa kuliko mwili wako.

Nilikuja. Kama ni kuchukuliwa gari, nilitaka nichukuliwe nikiwa nimevaa shati safi.

Chef alikuwa pale Alunguli kabla ya saa mbili, peke yake, suti yake ya abakosti imepigwa pasi. Hakuwa na askari wala karatasi. Kiti cha mbele kilikuwa kimekaliwa na Mama Mwavita. Nikamwambia, "Mama, mpishe Chef." Akasema, "Chef iko na makalio ya dhahabu? Mimi nilifika saa moja." Basi Chef akaingia nyuma, kati ya Sharifa mwenye kuku na gunia la chumvi. Nikaondoka kwa mwendo wa msiba.

Tulipofika kwenye ile njia iliyonyooka, nikasikia sauti nyuma ya sikio langu.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, Chef."

"Nilikuwa upande gani?"

"Kushoto, karibu na ule mchikichi."

Akaufuata mchikichi kwa macho. Mama Mwavita ametazama dirishani, anazuia kicheko kwa kanga. Kisha Chef akasema, kwa upole, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba asiyoijua: "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Gia ya tatu, ya nne, na ile ya tano ambayo magari yenu kumi na tatu hayajui kama iko duniani. Kuku wa Sharifa walinyamaza wote. Katika kioo nilimwona Chef ameshika kiti kwa mikono miwili, mdomo wazi, na miaka thelathini imemtoka usoni. Njia iliisha, nikapunguza. Nilingoja aseme neno la serikali.

"Geuza," akasema. "Tena."

"Chef, watu wana safari yao," nikamjibu.

Akawatazama abiria mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu kura. Mama Mwavita akasema mchele umefungwa. Sharifa akasema kuku wake walikuwa wa kuchinjwa hata hivyo.

Nikageuza.

Alishuka Kalima, akanilipa nauli kama watu wote, akajipangusa vumbi. Aliniagiza nikuambie kwamba daftari amelirudisha mahali pake, na Jumatatu atakukuta kazini. Kisha akainama dirishani akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, kama Jumamosi ijayo naweza kumwekea kiti cha mbele. Nimemwambia ni lazima apatane na Mama Mwavita.

Mjomba wako,
Hamadi